Chakula cha vifaranga vya kambale kiwe tayari kabla mayai hayajaanguliwa

Kifaranga wa kambale, kwenye maji ya nyuzi 28 hivi, huishi siku mbili tatu kwa kiini alichotoka nacho kwenye yai. Kiini kikiisha anataka kula siku hiyohiyo. Anayeanza kuhangaikia chakula wakati huo amechelewa, na ataokota wafu asubuhi.

Chakula cha kwanza kiwe hai, kwa sababu tumbo la kifaranga bado changa na unga mkavu haliusagi vizuri. Wengi tunatumia atemia, vidudu vidogo vya maji ya chumvi. Mayai yake huhitaji takriban saa 24 kuanguliwa, kwenye maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa lita, mwanga, na pampu ya hewa isiyozimika. Kwa hiyo yaloweke jana yake. Yakishaanguliwa, ukizima hewa, maganda huelea juu na atemia hushuka chini. Wanyonye kwa mpira, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, ulishe kidogokidogo mara tano au sita kwa siku. Hawadumu kwenye maji yasiyo na chumvi, na wakifa huchafua tangi. Vifaranga walioshiba utawajua kwa matumbo: yanageuka rangi ya chungwa.

Kama unalelea bwawani, weka chokaa na samadi, ujaze maji siku tano hadi saba kabla ya kupandikiza. Zamisha mkono mpaka kiwiko: kiganja kikianza kupotea kwenye ukijani, wadudu wadogo wa kuliwa wapo. Usijaze wiki tatu mapema. Watoto wa kereng'ende watatangulia, nao hula vifaranga.

Baada ya siku tano hivi, anza kuchanganya na unga wenye protini asilimia 45 au zaidi, uliochekechwa laini. Ukisaga dagaa mwenyewe, koroga kijiko cha unga kwenye glasi ya maji kwanza. Dagaa walioanikwa chini huacha mchanga, na mchanga huo umeulipia bei ya samaki. Ukichanganya na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), yenye ukungu yatupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuanika upya.

Andaa pia nyavu za kuchambulia ukubwa na beseni za ziada. Kambale aliyewapita wenzake kwa ukubwa huanza kuwala, hata chakula kikiwepo.