Manowari ya mwaka gani? Namna ya kuitafuta sura ya kweli ya merikebu ya zamani kabla ya kushika tezo

Mimi huchonga vielelezo vidogo vya merikebu za zamani kwa mbao, hapa Lamu. Mteja akiniambia "Fundi, nataka manowari ya Kireno," simtajii bei kwanza. Namuuliza ya mwaka gani. Wengi hudhani nawafanyia maringo, lakini bila mwaka hakuna cha kutafuta. Merikebu ya vita ilikaa baharini miaka thelathini, hamsini, na kila ikiingia matengenezoni ilitoka na sura nyingine. Tazama HMS Victory ya Waingereza. Ilishushwa majini 1765, tezi yake, yaani upande wa nyuma, ikiwa na roshani za wazi, na omo lake, yaani upande wa mbele, likiwa na sanamu kubwa yenye mapambo tele. Kufikia vita vya Trafalgar, 1805, roshani zilikuwa zimeshazibwa na sanamu imeshatolewa, ikawekwa nyingine ya kawaida. Ukichonga tezi ya 1765 ukaipaka rangi za 1805, umeunda chombo ambacho hakijapata kuelea bahari yoyote.

Basi chukua daftari, ukurasa wa kwanza andika jina la merikebu, mwaka, na ukiweza mwezi. Langu la kazi niliyoifanya karibuni linasema: Santo António de Tanna, Mombasa, 1697.

Hii ni frigeti, merikebu ya vita ya ukubwa wa kati, ya Wareno, iliyoundwa Bassein katika pwani ya India yapata 1681, na kwa kawaida hutajwa kuwa ya mizinga 42. Ilikuja kuinusuru Fort Jesus wakati Waomani wameizingira, ikazama chini ya ngome ile ile 1697. Ngome yenyewe ilitekwa mwaka uliofuata. Mteja wangu, mwenye hoteli Malindi, alikuwa anataka São Gabriel ya Vasco da Gama, kwa sababu nguzo ya Vasco iko pale mjini kwake na watalii wanaijua hadithi. Nikamshawishi aache. Vasco alifika Malindi Aprili 1498, na hakuna aliyechora merikebu zake siku zile mchoro ukatufikia. Picha za zamani zinazotumiwa na wachongaji, zile za vitabu vya misafara ya Wareno, zilichorwa zaidi ya miaka sitini baadaye, na watu ambao huenda hata walikuwa hawajazaliwa. Matanga yenye msalaba mwekundu yanapendeza sana juu ya rafu, lakini ukiniuliza umbo la tezi ya São Gabriel, yangu yatakuwa maneno ya barazani tu.

Santo António ina mashahidi. Ndiyo maana nasema: kama una hiari, chagua merikebu kwa ushahidi wake, umaarufu baadaye.

Shahidi wa kwanza ni mbao zenyewe. Kati ya 1977 na 1980, wapiga mbizi wa taasisi ya Kimarekani ya akiolojia ya baharini, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimbua chini ya maji, wakapima na kuchora kiunzi kilichobaki. Mbao zikaachwa kule kule na kufukiwa tena. Vitu vilivyokuwa ndani vikapandishwa, na vingi viko katika makumbusho ya Fort Jesus. Kutoka Lamu ni mashua hadi Mokowe na basi hadi Mombasa, kwa hiyo huna udhuru. Ila elewa mapema merikebu iliyozama inasema nini na inanyamaza wapi. Kilichofunikwa na tope hudumu. Kilichobaki nje huliwa na wadudu wa baharini. Utapata mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, mataruma ya chini, yaani mbavu zake, na mbao za ngamani, kule chini kabisa ndani. Shetri, yaani sitaha ya juu kule nyuma, mapambo ya tezi, milingoti, hayo usiyatafute kwa mbao. Yanatafutwa kwa picha na maandishi, na kazi ngumu yote iko pale katikati, mbao zinapoishia na picha inapoanza.

Na michoro ya waliochimba usiisome peke yako. Niliichapisha ile ya mataruma kwa karatasi kubwa nikaenda nayo kijijini Matondoni kwa ami yangu, aliyeunda majahazi maisha yake yote na hajui Kiingereza hata neno. Akaitandika chini mchangani, akaweka mawe pembeni, akapitisha kidole kwenye taruma moja kutoka mkukuni kwenda juu. "Hawa wametanguliza mataruma," akasema. "Mbao zimekuja kuvishwa baadaye." Sisi kwa desturi ya zamani hupandisha mbao kwanza, mataruma hufuata umbo. Wareno walifanya kinyume, na katika kiunzi chao taruma ndilo linaloamua tumbo la merikebu. Kwa mchongaji hilo si jambo dogo: ukipata mataruma matatu manne ya katikati kwa usahihi, umbo lote la chini umelikamata. Hakuna kitabu kilichonieleza hivyo kwa ufupi ule.

Ukiwa Fort Jesus, usitoke bila kuziona picha za ukutani. Askari na mabaharia wa Kireno waliokaa pale karne ya 17 walichora kwa makaa na udongo mwekundu: watu, samaki, na merikebu. Namna ya kuzisoma ni hii. Baharia akichora kwa kumbukumbu, kamba na matanga huwa sahihi, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku; urefu wa chombo huwa si sahihi, kwa sababu ukuta una mwisho. Kwa hiyo hesabu milingoti, tazama tanga la nyuma ni la pembe tatu au la mraba, tazama bendera inapepea wapi. Rula iache mfukoni.

Sasa vipimo, na hapa watu wengi huharibu. Wareno walipima merikebu kwa rumo. Rumo moja ni palmo de goa sita, na palmo de goa moja ni sentimita 25.67, yaani rumo ni kama mita 1.54. Tuseme umesoma mahali kwamba mkuku ni rumo 18: hiyo ni mita 27.7, na kwa kipimo cha 1:48, yaani kielelezo kidogo mara 48 kuliko chombo chenyewe, ni sentimita 57.7 mezani kwako. Futi nazo si moja. Ya Kiingereza ni sentimita 30.48, ya Amsterdam 28.3, ya mfalme wa Ufaransa 32.48. Mtu akichukua namba ya Kiholanzi akaisoma kwa futi ya Kiingereza, chombo kinanenepa karibu asilimia nane na hakuna mtu atakayejua kasoro iko wapi. Jambo jingine: ukiona neno "urefu" peke yake, uliza urefu wa nini. Mkuku? Sitaha ya mizinga? Au kutoka ncha ya omo hadi mwisho wa tezi? Tofauti inaweza kuwa mita kumi.

Kwa uwiano wa sehemu zisizobaki kuna miongozo ya waundaji wenyewe, kama ule wa Manuel Fernandes wa 1616, wenye michoro mizuri. Unasaidia, lakini kumbuka umeitangulia Santo António kwa miaka zaidi ya sitini. Katika daftari langu kila shahidi ana safu ya mwaka wake, na mbele yake nimeandika tofauti na 1697. Safu hiyo peke yake imenimalizia mabishano mengi.

Picha za rangi za wachoraji wa Ulaya ni tamu na ni hatari. Uliza mchoraji alikuwepo? Akina Van de Velde, baba na mwana, walichora merikebu za Kiholanzi na Kiingereza za karne ile ile kwa kuziona kwa macho, na baba alikuwa akitoka na mashua hadi karibu na vita. Huyo ni shahidi. Mwingine alichora miaka mia baadaye sebuleni kwake. Makumbusho ya Rijksmuseum Amsterdam yanakuruhusu kupakua picha kubwa bure, hata kwa simu, na ukizikuza unaona mpaka kapi za kamba. Greenwich, London, nako kuna hazina ya ramani za merikebu za Uingereza. Kwa picha zilizochapwa kwa bamba la shaba kuna mtego mmoja: mchapo hutoka kinyume na bamba, kushoto kukawa kulia. Ukiona maafisa wote wamevaa panga upande wa kulia, geuza picha kabla ya kunakili chochote.

Vielelezo vya zamani vya mbao vina heshima yake, hasa vile vya Waingereza vya karne ya 17 vilivyochongwa kwa 1:48. Lakini mimi ni mchongaji, najua tunavyofanya. Vijahazi tunavyouza ukingoni mwa bahari hapa Lamu vina milingoti minene kuliko jahazi lolote, kwa sababu mlingoti mwembamba huvunjika kwenye begi la mtalii, na mtalii akifika kwao analalamika. Mtu wa karne ijayo akivipima ataandika kwamba majahazi ya Lamu yalikuwa na milingoti kama minazi. Kwa hiyo kila kielelezo ukikiona, uliza kilitengenezewa nani.

Baada ya hayo, pitia merikebu yako ukitoa visivyokuwepo. Kwa 1697 nilitoa gurudumu la usukani: hilo lilianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 18, kabla yake msukani uliendeshwa kwa kana, yaani mkono wa msukani, na mti wa kusimama uliounganishwa nayo. Nikatoa mabati ya shaba chini ya maji, maana Waingereza walianza kuyajaribu 1761 kwa frigeti yao Alarm. Mteja alikuwa ameyataka kwa sababu yanang'aa. Nimeacha chini rangi nyeupe iliyochafuka, ya mafuta na chokaa. Mtu wa pwani anayeijua deheni hahitaji maelezo. Tanga la mlingoti wa nyuma nimeliweka la pembe tatu.

Rangi ni balaa. Vasa ya Wasweden ilizama 1628 siku ya safari yake ya kwanza, ikaopolewa 1961 karibu nzima, na bado kwa miaka mingi wataalamu waliionyesha kwa samawati na dhahabu. Uchunguzi wa chembe za rangi ulipofanywa vizuri, ikaonekana ukuta wa tezi nyuma ya sanamu ulikuwa mwekundu na sanamu zake zilipakwa rangi nyingi. Hata Victory, inayokaguliwa kila siku, ilipakwa upya 2015 baada ya uchunguzi kuonyesha manjano yake ilikuwa imepauka kuliko walivyozoea. Ikiwa hao wamehangaika, wewe usipake rangi kali kwa kubahatisha. Msaji uliopakwa mafuta, lami nyeusi, udongo mwekundu na wa manjano: hizi zilipatikana kwa bei nafuu kila bandari, na ukibaki nazo hutakuwa mbali.

Mwisho, mchoro wako wa kazi uwe na kalamu tatu. Nyeusi ni kwa kilichothibitika kwa merikebu yenyewe, ya buluu kwa ulichokopa kwa merikebu za wakati ule, nyekundu kwa ulichokisia. Nakala mpe mteja. Yangu ilikuwa nyeusi chini, buluu katikati, na tezi yote nyekundu tupu. Mwenye hoteli akaitazama, akasema, "Fundi, pale tezi niwekee basi Mtakatifu Antonio, si ndiye jina lake?" Nikamwambia, "Bwana, nitamweka, nitamchonga kwa mbao mbichi isiyopakwa rangi, na kwenye kibao utaandika kwamba huyu ni wangu, si wa Wareno." Akafikiri kidogo, akauliza kama kibao nacho kina bei yake. Kina.