Jinsi ya kupanga mesoni kwa vizibo vya soda na njiti za kiberiti

Mpwa wangu yuko fomu siksi hapa Tanga, juzi kaja na daftari limejaa pai, kaoni, ro, fai, majina ya chembe ndogo mno ziitwazo mesoni, ananiuliza mjomba haya majina nayakariri vipi? Nikamwambia usikariri hata moja, twende zetu barazani kwa muuza kahawa Ngamiani, pale vizibo vya soda havikosekani. Fanya hivi na wewe.

Chukua vizibo uandike u, d, s, ndani na nje. Kizibo kikitazama juu ni kwaki, chembe ya msingi inayojenga mesoni (u, d, s ni aina zake), ukikigeuza ni antikwaki, pacha wake wa chaji kinyume. Mesoni ya kawaida ni vizibo viwili tu, kimoja juu kimoja kimegeuzwa, wazo la wanafizikia Gell-Mann na Zweig la mwaka 1964, kila mmoja kivyake.

Anza na chaji. u ina +2/3, d na s zina -1/3 kila moja, ukigeuza kizibo na alama inageuka. Kwa hiyo u na d iliyogeuzwa inakupa +1, hiyo pai chanya. Toa hiyo d weka s iliyogeuzwa, chaji ni ile ile +1 ila sasa ni kaoni chanya, na masi (uzito wake, kwa kipimo cha MeV) imepanda kutoka kama MeV 140 mpaka 494 maana s ni nzito.

Tatu mara tatu ni tisa. Sita zenye herufi tofauti hazina utata, pai mbili kaoni nne. Kazi iko kwenye tatu za katikati, u na u iliyogeuzwa, d na d, s na s vivyo hivyo, zote chaji sifuri hakuna cha kuzitenganisha, kwa hiyo zinachanganyika. Mpwa wangu alikwama hapa, kashika vizibo kila mkono, "sasa mjomba pai sifuri ni ipi kati ya hizi?" Ni jozi ya u na jozi ya d nusu kwa nusu, na alama ya kutoa katikati, halafu mesoni mbili zilizobaki, eta na eta praimu, zinabeba jozi zote tatu. Usiharakishe hapa tafadhali, wengi wanaanguka hapa hapa.

Sasa weka njiti juu ya kila kizibo, hiyo ndo spini, mzunguko wa ndani wa kila kwaki. Vichwa vikipingana jumla yake, S, ni 0, vikielekea upande mmoja S ni 1. Rudi kwenye u na d iliyogeuzwa, geuza njiti moja tu na pai ya MeV 140 inakuwa ro ya MeV 775, vizibo vile vile! Mimi hili sijawahi kulizoea. Kundi hili la S 1 lina fai, karibu yote ni s na s, tunajua kwa sababu ikivunjika zaidi ya mara 8 kati ya 10 inatoa kaoni mbili.

Mwisho L, mzunguko wao wakizungukana. L ikiwa shufwa, pariti (alama ya mesoni ukiipindua kama kwenye kioo) ni hasi, ikiwa witiri ni chanya. Kwa zile ambazo ni antichembe ya nafsi yake angalia L+S, shufwa C (alama ya kubadilisha chembe na antichembe) ni chanya, witiri ni hasi. J, spini ya mesoni nzima, inaanzia tofauti ya L na S mpaka jumla yao. Andika J, kisha alama ya pariti, kisha ya C: pai sifuri inatoka 0-+, ro sifuri 1--.

Halafu tafuta 1-+. Panga vizibo utakavyo, huipati, na mesoni iitwayo pai1(1600) ndo ina namba hizo, kwa hiyo ndani yake kuna zaidi ya vizibo viwili, wengi wanaona gluoni, chembe inayogundisha kwaki, nayo imo.