Namna ya Kuanzisha Mpango wa Kuboresha Kazi Usiofia Njiani

Mpango wa kuboresha utendaji, uwe wa mtu mmoja au wa idara nzima, hufa pale unapomtaka mtu afanye jambo jipya huku ratiba, vifaa, malipo na usimamizi vikiendelea kumvuta kwenye lile la zamani. Mwongozo huu ni kwa wasimamizi wa viwanda, ofisi, vituo vya afya na vyama vya ushirika katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe, na vilevile kwa yeyote aliyejiwekea lengo lake binafsi na kuliona likiyeyuka baada ya wiki chache.

Chukua mfano wa chai, zao ambalo watu wa Rungwe na Mufindi wanalifahamu vyema. Kiwanda kikilalamika kwamba majani mabichi yanayoletwa ni mabovu, jambo la kwanza linalofanyika ni kuwaita wakulima na wachumaji na kuwakumbusha kwamba chai bora huchumwa majani mawili na chipukizi. Wote wanalijua hilo tangu utotoni. Wanaitikia, wanasaini karatasi ya mahudhurio, na wiki inayofuata mifuko inakuja tena ikiwa na jani la nne na vikonyo vigumu. Ukikaa kituo cha kununulia majani kuanzia asubuhi hadi jioni utaona sababu bila kumuuliza mtu. Mchumaji analipwa kwa kilo, na mizani haitofautishi jani laini na jani gumu. Mkulima aliyeruka mzunguko mmoja wa kuchuma kwa sababu alikuwa akipalilia mahindi anakuta chipukizi zimekwisha kukomaa. Na hata yule aliyechuma vizuri, lori likichelewa na majani yakabaki yameshindiliwa kwenye mifuko, yanapata joto na kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani, hivyo mzigo wake unakataliwa sawa na wa jirani aliyezembea. Katika hali hiyo semina nyingine haitaongeza kitu. Kitakachobadilisha uchumaji ni lori linalofika kwa saa inayojulikana, mifuko inayopitisha hewa, na tofauti ya bei kati ya majani mazuri na mabovu ambayo mkulima anaiona siku ileile anapopima.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mpango wowote, tenga siku mbili au tatu za kufuatilia kazi mahali inapofanyika. Chukua daftari, kaa pembeni, na uandike kila mahali ambapo mfanyakazi anasubiri, anarudia, anatafuta kitu, au anafanya kinyume na utaratibu. Kisha muulize kwa heshima ni kitu gani kinachofanya njia ya zamani iwe rahisi zaidi kwake. Majibu ya swali hilo ndiyo mpango wako. W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu kutoka Marekani aliyeanza kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa Japani mwaka 1950, alisisitiza kwamba sehemu kubwa ya kasoro hutokana na mfumo wa kazi, na kwamba mfumo huo uko mikononi mwa uongozi. Msimamizi anayeanza kwa kuwalaumu watu wake amekwisha kujifungia mlango, kwa sababu baada ya lawama hakuna atakayemweleza ukweli.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nayo ni kupunguza. Kila utaratibu mpya unahitaji muda, na muda huo lazima utoke mahali fulani. Muuguzi ambaye tayari anaandika taarifa za mgonjwa mmoja kwenye rejista tatu akipewa fomu ya nne ya kufuatilia ubora, ataijaza mwisho wa shifti kwa kukadiria, na takwimu zitakazopelekwa juu zitakuwa za kubuni ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Weka kanuni kwamba hakuna fomu mpya itakayoingia kabla ya nyingine kuondolewa au kuunganishwa, na hakuna kikao kipya kitakachoanzishwa kabla kingine hakijafutwa. Ikiwa huna mamlaka ya kufuta chochote, basi bado huna mamlaka ya kuongeza, na ni afadhali umfuate mwenye mamlaka hayo kwanza.

Angalia pia kalenda. Watu wengi na ofisi nyingi huanza malengo yao Januari, wakati ambapo katika Nyanda za Juu Kusini mahindi yanapaliliwa na kuwekewa mbolea ya kukuzia, shule zinafunguliwa, na mishahara imekwisha kugawanywa kwenye sare, madaftari na vibarua wa shamba. Mfanyakazi wa Mbozi au wa Ilembo ana ajira mbili katika mwezi huo, hata kama barua yake ya kazi inataja moja. Mpango unaoanza Agosti, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani, una nafasi kubwa zaidi ya kupata umakini wa watu.

Kwa mtu binafsi hali haitofautiani sana. Mhasibu wa Njombe anayejiandaa kwa mitihani ya bodi ya wahasibu ya mwezi Novemba anaweza kuapa mwezi Juni kwamba ataamka saa kumi alfajiri kusoma, lakini huo ndio msimu ambao baridi ya huko hushuka hadi umande kuganda, na kitanda kitamshinda kabla ya wiki kuisha. Ajilaumu kwa kukosa nidhamu? Hapana. Abadilishe mahali na saa: vitabu vikae kwenye droo ya meza yake kazini, naye abaki ofisini kwa saa moja baada ya wenzake kuondoka, kabla hajafika nyumbani ambako watoto na wageni wana haki ya kumhitaji. Kisha awaambie wa nyumbani mapema, ili kuchelewa kwake kusilete maswali.

Suala la kudumisha linahitaji uangalifu wa pekee, na Mbeya ina historia yake katika jambo hili. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza nchini kujaribu 5S, mfumo wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, mwaka 2007, kabla haujasambazwa katika hospitali nyingine, na hatua zake tano zinafahamika kwa majina ya Sasambua (kuondoa visivyohitajika), Seti (kupanga vinavyobaki), Safisha, Sanifisha (kuweka utaratibu mmoja) na Shikilia (kuudumisha). Hatua tatu za kwanza zinaweza kufanyika kwa siku chache, tena kwa furaha, kwa sababu matokeo yanaonekana kwa macho. Ya tano haina mwisho, na ndipo sehemu nyingi za kazi zinapoachia: unaingia stoo ya ofisi fulani na kukuta rafu ina lebo iliyoandikwa vizuri “Glovu”, lakini juu yake pamerundikwa mafaili ya zamani na jagi la chai. Dawa yake ni mtu mmoja mwenye jina, aliyepewa rafu hiyo na dakika kumi za kuipanga ndani ya saa za kazi, na kiongozi anayepita kuiangalia kila wiki bila kutangulia kutoa taarifa.

Pima kitu kimoja tu, na kipimwe na wale wanaofanya kazi yenyewe, kwa kalamu, kwenye ubao ambao wote wanauona. Muda kati ya mgonjwa kuandikishwa na faili lake kupatikana ni kipimo kizuri. Idadi ya taarifa zilizowasilishwa ni kipimo kibaya, maana utazipata hizo taarifa na usipate kingine. Watumishi wa umma wanalikumbuka hili kutokana na OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi ulioanza mwaka 2004 kwa nia njema kabisa ya kumkutanisha mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo na kuyapitia pamoja nusu mwaka na mwisho wa mwaka. Mahali pengi mazungumzo hayo hayakufanyika, na fomu zikajazwa kwa haraka mwezi Juni. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS uliochukua nafasi yake hauwezi kufanya mazungumzo hayo kwa niaba ya msimamizi. Atalazimika kuketi na watu wake mwenyewe.

Mafunzo yafanyike palipo na kazi, na kila zamu ihusishwe, akiwemo mlinzi na mhudumu wa usafi. Anayepelekwa hotelini peke yake hurudi na cheti, akawakuta wenzake hawajui anazungumzia nini.

Jiandae, mwisho, kwa uhamisho. Mkuu aliyeanzisha mpango akihamishiwa wilaya nyingine, anayekuja huleta wake, na watumishi waliozoea hali hiyo hujifunza kusubiri. Ndiyo maana utaratibu uliokubalika unapaswa kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, kuingizwa katika hati ya makabidhiano pamoja na mali na mafaili, na kuwa na msaidizi anayejua kuuendesha ambaye hataondoka siku moja na mkuu wake. Mkuu mpya atembezwe kwenye eneo la kazi katika wiki yake ya kwanza, aonyeshwe ubao wa vipimo na wale wanaoujaza kila siku, na aulizwe mbele yao ni kipi anachotaka kibadilishwe.