Namna ya kurekebisha sentensi yenye maana mbili katika nyaraka za programu huria

Sentensi yenye utata huwa haina kosa la kuonekana kwa macho. Sarufi ni safi, tahajia ni sahihi, lakini wasomaji wawili wanaielewa tofauti. Kwa hiyo usianze kwa kuandika upya.

Hatua ya 1: Andika maana zote mbili. Tuseme nyaraka za cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, zinasema: "Kazi hufanyika siku ya mwezi na siku ya wiki ulizoweka." Sasa tazama ratiba `0 0 13 * 5`, yaani dakika 0, saa 0, tarehe 13, mwezi wowote (nyota), siku ya 5 ya wiki (Ijumaa). Je, ni Ijumaa inayoangukia tarehe 13 pekee, au ni kila tarehe 13 na kila Ijumaa? Ukishindwa kupata maana ya pili, pengine sentensi haikupendezi tu. Iache.

Hatua ya 2: Iulize programu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na wengi huiruka hatua hii. Endesha jaribio, kisha soma msimbo unaohusika. Katika cron ya kawaida, siku ya mwezi na siku ya wiki zote mbili zikiwa na thamani badala ya nyota, moja ikitimia inatosha. Maana ya pili ndiyo sahihi. Halafu tumia `git blame`, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), kupata badiliko lililoleta sentensi hiyo, kwani ujumbe wake huenda ukaeleza nia ya mwandishi. Nia na utendaji vikipingana, usiguse nyaraka kwanza: ripoti hitilafu, wasimamizi waamue. Ukizirekebisha nyaraka zifuate hitilafu, umeihalalisha.

Hatua ya 3: Andika upya, sharti likitangulia. "Ukiweka siku ya mwezi na pia siku ya wiki, cron huendesha kazi kila mojawapo inapofika, hata zisipoangukia siku moja." Weka mfano chini yake. Kwenye namba taja kipimo: `time.sleep` ya Python huhesabu sekunde, `setTimeout` ya JavaScript milisekunde. Tenganisha pia lililo lazima, linalopendekezwa na la hiari, kama RFC 2119, waraka wa viwango vya intaneti, ilivyofanya mwaka 1997.

Hatua ya 4: Tuma badiliko hilo peke yake. Usilichanganye na masahihisho ya koma. Katika maelezo, weka zile maana mbili pamoja na matokeo ya jaribio lako, ili msimamizi asilazimike kurudia uchunguzi. Kabla ya kutuma, tafuta sentensi hiyo kwa `git grep`. Mara nyingi imenakiliwa pia kwenye ujumbe wa msaada ambao programu huonyesha kwa `--help`.