Namna ya kukisoma kijito ujue kwanini samaki hawa wako hapa na wale wako kule

Watu wakitaka kujua samaki wa mto wanakimbilia kutega, wakati mtego unakuonyesha kilichopo leo tu, sababu yenyewe iko kwenye mto na mashamba ya juu yake. Mimi hufanya hivi kwenye vijito vinavyoshuka bonde la Usangu, Mbeya, upande wa Chimala na Mbarali, na Ndembera kule Iringa pia inafaa.

Hatua ya 1: Ruhusa kwanza, kwa serikali ya kijiji na afisa uvuvi. Kisha pima vipande viwili vya mita 100, kimoja juu ya banio la mfereji (pale maji ya mto yanapochepushwa kwenda mashambani) na kingine chini yake. Na waulize wenyeji habari za mamba kabla hujaloa magoti!!

Hatua ya 2: Chora ramani ya mkono, vilindi, maji ya kasi, magogo, mizizi. Kila mita 10 pima upana na kina. Kasi ni rahisi, tupa gunzi liogelee mita 10 huku simu inahesabu, likitumia sekunde 20 basi maji ya juu yanaenda nusu mita kwa sekunde, ya chini huwa taratibu zaidi.

Hatua ya 3: Hapa usiwe na haraka. Okota jiwe maji yanapokwenda kasi, likiteleza kwa ukoga wa kijani samaki aitwaye ningu ana chakula maana yeye anakwangua mawe, ila likiwa limefukiwa na tope hadi nusu, hakuna cha kukwangua, ataondoka tu. Perege dume yeye anataka sehemu tulivu achimbe kiota kama sahani, jike likishataga linabeba mayai mdomoni. Kambale hana shida na tope, anavuta hata hewa ya juu.

Hatua ya 4: Sasa fuata tope lilikotoka. Panda juu uangalie vinyungu (bustani za mabondeni), njia za ng'ombe, kama kingo zina miti au zimelimwa mpaka majini, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Miti ikiondoka, kivuli kinaondoka, na wadudu waliokuwa wanadondoka kulisha visamaki vidogo hawapo tena.

Hatua ya 5: Tega migono (mitego ya samaki ya kusuka), idadi ileile na usiku uleule pande zote mbili, hesabu, pima urefu, rudisha majini. Chandarua achana nacho, ni kosa.

Angalizo kwa kiangazi: Ruaha Mkuu, mto unaopokea vijito hivi, tangu 1993 umekuwa ukikatika, yanabaki madimbwi, na ukihesabu Oktoba utasema samaki kibao kumbe wamebanwa tu na wengi ni kambale, wengine hewa imewaishia. Kwahiyo rudia baada ya masika, na unapolinganisha weka kilindi kwa kilindi, maji ya kasi kwa maji ya kasi.