Batiki kwa maji machache na mkaa kidogo, bila kumwaga rangi Ziwa Tanganyika

Mwongozo huu ni wa fundi au kikundi cha Kigoma kinachotia rangi batiki (kitambaa kinachochorwa kwa nta) kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, kemikali mbili zinazoyeyusha rangi ili ishike, kwenye ndoo na mabeseni, nyuma ya nyumba. Vipimo vyote ni vya pisi moja ya bafta ya pamba yenye uzito wa gramu 600, yaani mita nne hivi. Pisi ikiwa nzito zaidi, ongeza kwa uwiano huohuo.

Mji wetu umekaa kwenye miteremko, na maji ya mtaro mwisho wake ni ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi chumvi wala rangi. Kinachoingia humo kinabaki na dagaa na migebuka. Haidrosalfaiti nayo ina ubaya wake: ikiingia kwenye maji hunyonya hewa ambayo samaki wanaitegemea. Kwa hiyo kazi kubwa ni kupunguza kinachotoka kwenye ndoo. Kusafisha kilichobaki ni kazi ya mwisho, na ndiyo ngumu na ghali kuliko zote.

Hatua ya 1: Nunua mizani kabla ya kununua rangi nyingine

Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Kijiko kinadanganya: kostiki ya vipande na ya unga hazina uzito sawa kwenye kijiko kimoja, na mkono wenye wasiwasi huongeza "kidogo" kila mara. Ziada hiyo haifanyi rangi ikolee. Inakwenda mtaroni, na hela yako inakwenda nayo.

Bafta mpya ina wanga wa kiwandani. Iloweke usiku kucha, ifue, ikauke, ndipo uipime. Wanga ukibaki, rangi hushika madoa madoa na pisi hurudiwa, na pisi inayorudiwa imekula maji na kemikali mara mbili.

Hatua ya 2: Andaa ndoo ya rangi

Tumia ndoo ya plastiki iliyo nyembamba na ndefu, yenye mfuniko. Karai pana linaweka maji mengi wazi kwa hewa, na hewa inakula haidrosalfaiti kabla haijafanya kazi. Usitumie sufuria ya alumini kabisa: kostiki inaila, inatoa gesi inayoshika moto, na sufuria inatoboka.

Kwa pisi yetu, lita 9 zinatosha. Wengi hujaza ndoo ya lita 20 kwa mazoea, kisha wanalazimika kuongeza kemikali maradufu ili maji yote hayo yafanye kazi.

Korogea rangi gramu 18 kwenye maji kidogo hadi iwe uji usio na madonge. Iweke kwenye lita 1 ya maji ya nyuzi 55, ongeza kostiki gramu 15, kisha haidrosalfaiti gramu 15. Funika dakika 15. Kwenye ndoo kubwa weka lita 8 za maji ya uvuguvugu, kostiki gramu 30 na haidrosalfaiti gramu 35, halafu mimina ile lita moja ndani. Pisi yenye nta isiingie kwenye maji yanayozidi nyuzi 40, la sivyo nta italainika na michoro itavuja. Aina za rangi zinatofautiana, kwa hiyo jaribu vipimo hivi kwa kipande cha kitambaa kabla ya pisi nzima.

Vaa glavu na miwani. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji; ukimwaga maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kuruka usoni. Haidrosalfaiti ikae kwenye kopo kavu lililofungwa vizuri, kwa sababu ikipata unyevu hupata joto yenyewe na inaweza kuwaka.

Ndoo iliyo tayari huwa na rangi tofauti kabisa na ile unayoitafuta, na juu yake kuna utando unaong'aa. Dondosha tone kwenye sahani nyeupe: liwe angavu, lisiwe na chembe, ligeuke taratibu likipigwa na hewa. Ukiona chembe na maji yenye ukungu, haidrosalfaiti imeisha. Ongeza gramu 10, funika, ngoja dakika 10. Usiongeze rangi, rangi ipo, ila haijayeyuka.

Hatua ya 3: Ndoo moja, pisi tatu

Hapa ndipo akiba kubwa ilipo, na ndipo watu wengi wanapomwaga mapema. Baada ya pisi ya kwanza bado kuna rangi ndani. Kama unataka ya pili ikolee vilevile, ongeza rangi gramu 9, kostiki gramu 10 na haidrosalfaiti gramu 20. Ya tatu itie bila kuongeza rangi, ongeza haidrosalfaiti tu, nawe utapata rangi nyepesi ya shuka au vitambaa vya meza. Panga oda zako kwa mpangilio huo, na uzifanye siku moja. Ndoo iliyolala usiku imeshaharibiwa na hewa.

Pisi ikitoka, ianike kivulini dakika 20 hadi 30 hadi igeuke rangi yake kamili. Ukiisuuza mapema, rangi ambayo haijashika hutoka yote: kitambaa kinapauka na maji machafu yanaongezeka.

Hatua ya 4: Suuza kwa mabeseni matatu

Hesabu hii inastahili kufanywa mara moja kwa makini. Pisi yenye nta haikamuliwi kwa nguvu, maana nta itapasuka. Ikichuruzika vizuri hubaki na lita 1.5 hivi za maji. Ukiisuuza mara moja kwenye lita 18, uchafu unaobaki ni sehemu 1 kati ya 13. Gawa lita hizohizo 18 kwenye mabeseni matatu ya lita 6, upitishe pisi moja baada ya jingine: unabaki na sehemu 1 kati ya 125. Pisi isiyo na nta, ikikamuliwa ibaki na maji yanayolingana na uzito wake, inafika sehemu 1 kati ya 1,300 hivi. Maji ni yaleyale. Tofauti inaletwa na kugawanya na kukamua.

Kisha usimwage mabeseni yote. Pisi inaanza beseni la kwanza, linalokuwa chafu zaidi, na kumalizia la tatu. Kwa pisi inayofuata, toa maji ya la kwanza, mimina ya pili kwenye la kwanza, ya tatu kwenye la pili, na la tatu pekee litiwe maji mapya. Kila pisi sasa inakula lita 6 badala ya 18. Maji uliyoyatoa beseni la kwanza yana kostiki na rangi; yatumie kuandaa ndoo inayofuata ya rangi hiyohiyo.

Hatua ya 5: Toa nta na uirudishe kazini

Kwangua kwanza nta iliyokaa juu juu. Chemsha pisi kwenye maji matupu, bila sabuni wala kostiki. Hapa wengi hukosea: kostiki huigeuza nta ya nyuki kuwa kama sabuni, inachanganyika na maji na huipati tena. Kwenye maji matupu nta hupanda juu. Toa pisi kwa fimbo, acha sufuria ipoe usiku, asubuhi utainua bamba la nta kama mkate. Liyeyushe tena ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, lichuje kwa kitambaa, na hakikisha halina maji ndani, maana maji hurusha nta ikipata moto. Nta ya mtaroni huganda na kuziba.

Mchemsho wa pili, wenye sabuni gramu 2 kwa lita, unamalizia nta na papo hapo unaondoa rangi isiyoshika, hivyo rangi haichuji dukani. Maji ya ziwa yana magnesiamu nyingi na pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati) karibu 9. Sabuni ya mche, hata ile nzuri ya mawese, huacha utando mweupe. Tumia maji ya mvua. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 800, kwa hiyo pipa moja la lita 200 hujaa hata sehemu ya maji ikipotea.

Kuchemsha lita 20 kwenye jiko la kawaida kunakula mkaa wa karibu kilo moja. Funika sufuria, tumia jiko banifu, na pitisha pisi nne au tano kwenye mchemsho mmoja, za rangi nyepesi kwanza, za rangi iliyokolea mwisho.

Hatua ya 6: Maji yaliyobaki

Yamwage kwenye pipa wazi, na yahamishe ndoo kwa ndoo mara kadhaa, kisha yaache siku nzima. Hewa inamaliza haidrosalfaiti na kuifanya rangi iwe chembe zinazozama. Usitie asidi kabla ya hapo: haidrosalfaiti ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa inayokaba koo, hatari zaidi ndani ya chumba.

Sasa punguza ukali wa kostiki. Kila gramu 10 za kostiki zinahitaji asidi ya sitriki gramu 16, au siki ya asilimia 5 mililita 300. Sehemu ya kostiki imeshatumika, hivyo anza na nusu, pima kwa karatasi ya pH, na endelea taratibu hadi 7. Ndipo utie shabu, inayokusanya chembe za rangi ili zizame. Jaribu kwanza kwenye chupa tatu angavu: nusu gramu, gramu 1 na gramu 2 kwa lita. Kiasi kidogo kilichosafisha vizuri ndicho cha kutumia. Shabu ikishindwa kushika, kosa karibu kila mara ni pH iliyobaki juu.

Baada ya usiku mmoja, toa maji ya juu kwa mpira na uyapitishe kwenye ndoo ya kokoto, mchanga na mkaa uliopondwa. Yanafaa kuosha sakafu na mabeseni. Usimwagilie mchicha: chumvi ya sodiamu bado imo na inaharibu udongo.

Tope la chini likaushe juani kwenye turubai, ulifunge kwenye mfuko, na ulizike kwenye shimo lililosakafiwa kwa saruji na kufunikwa lisipate mvua, mbali na kisima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, zikae angalau mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kwa mteremko kama wa kwetu, shimo na mapipa yawe mbali kuliko hapo.