Somo: Kuanza ukocha wa soka kwa watoto mtaani ukiwa kijana wa kujitolea

Nilianza nikiwa na miaka 19, Mbagala, Dar es Salaam, nimemaliza kidato cha nne na kazi sina. Jioni, kwenye uwanja wa mchanga karibu na kwetu, mwalimu mmoja alikuwa akifundisha watoto zaidi ya 30 peke yake. Nikamfuata, nikamwomba nimsaidie. Huu ni mwaka wangu wa sita, na vijana wengi wananiuliza waanzie wapi. Nitaeleza njia niliyopita, pamoja na kosa ambalo hadi leo naliona kwenye viwanja vingi.

Hatua ya 1: Anza kama msaidizi

Usikurupuke kuanzisha timu. Tafuta mwalimu ambaye tayari ana watoto, umsaidie kujaza mipira upepo, kupanga koni na kuandika mahudhurio. Miezi mitatu ya kazi hizo inakupa majina ya watoto wote. Mtoto ukimwita kwa jina lake anageuka, hata uwanja uwe na kelele namna gani.

Hatua ya 2: Wazazi na serikali ya mtaa

Jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha piga hodi kwa mzazi wa kila mtoto. Chukua namba ya simu. Uliza kama mtoto ana pumu, selimundu au kifafa, na ukae na daftari hilo uwanjani. Usibaki na mtoto mmoja mahali pa faragha, na usimpeleke nyumbani kwako hata kama ni kumpa maji. Hapo usilegeze hata siku moja.

Hatua ya 3: Vifaa

Watoto wa miaka 8 hadi 12 wanatumia mpira namba 4. Namba 5 ni ya wakubwa, inawachosha miguu na kuwaharibia upigaji. Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha kuwa koni. Badala ya vizibao vya kutofautisha timu, kata vipande vya kitenge wafunge mkononi. Pampu unaweza kuazima kwa fundi baiskeli, ila sindano ya kujazia nunua yako.

Hatua ya 4: Hesabu miguso

Hapa ndipo nilipokosea. Jioni ya kwanza kuachiwa kundi, nilipanga watoto 18 kwenye mstari mmoja na mpira mmoja: piga golini, rudi nyuma, subiri zamu. Kwa macho ilipendeza, mstari umenyooka na kila mtu ametulia. Mwalimu wangu akaniita pembeni, akasema, "Chagua mtoto mmoja, umhesabie."

Nikaokota vijiwe 20, nikavitia mfuko wa kulia. Nikamchagua mtoto mmoja mwenye fulana ya njano. Kila akigusa mpira, nahamishia kijiwe kimoja mfuko wa kushoto. Zamu moja ilikula kama sekunde 20, kwa hiyo akishapiga anasubiri dakika sita. Zilipotimia dakika 20, mfuko wa kushoto ulikuwa na vijiwe vitatu. Muda mwingine wote alikuwa akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

Nikavunja mstari. Mipira tulikuwa nayo miwili, nikatengeneza viwanja viwili vya hatua 25 kwa 18: kimoja wanne kwa wanne, kingine watano kwa watano. Magoli ni kandambili, kipa hakuna. Nikarudi kwa mtoto yuleyule. Hazikufika dakika kumi, vijiwe vikaniishia mfukoni.

Tangu siku hiyo zoezi langu la saa moja liko hivi. Dakika 15 za mwanzo kila mtoto ana mpira wake: chenga, kugeuka, danadana. Mipira ikiwa haitoshi, mpira wa makaratasi unafaa kabisa, chandimu, yaani soka la mtaani, imekuza wachezaji wengi hapa nchini kabla hawajavaa njumu. Dakika 20 zinazofuata ni jambo moja tu, kwa mfano kupokea mpira huku umegeukia mbele. Muda uliobaki ni mechi za timu ndogondogo. Mstari mrefu sipangi tena, hata kwa mazoezi ya kupiga golini. Naweka magoli manne.

Hatua ya 5: Namna ya kusema nao

Ukipiga kelele "toa! toa!" kutoka pembeni, mtoto anatoa bila kuangalia. Subiri mpira utoke, kisha muulize, "Kushoto kwako alikuwepo nani?" Zoezi lijalo ataangalia mwenyewe.

Hatua ya 6: Kozi

Fuatilia matangazo ya kozi za TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na ya chama cha soka cha mkoa wako. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanzia D, inafuata C, B, A, halafu Pro. Ukiingia darasani tayari unawajua watoto, utaelewa haraka. Wakati unasubiri, shika filimbi uchezeshe mechi zao, sheria 17 zitakuingia.

Maswali ya wanachama

*Kaka, mimi ni msichana wa miaka 20, niko Morogoro. Wavulana wa hapa wananicheka nikisema nataka kufundisha. Nifanyeje?*

Dada yangu, anza na watoto wadogo, wavulana na wasichana pamoja, maana wao wanaangalia kama mazoezi ni matamu tu. Na wasichana wanakuhitaji. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana ya Tanzania, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India. Mtaani kwako wapo wanaotaka kucheza, ila mama zao watawaruhusu kirahisi zaidi wakiona mwalimu ni mwanamke.

*Mwalimu, watoto wawili wamegongana vichwa, mmoja amekaa chini lakini anasema yuko sawa. Arudi?*

Hapana, siku hiyo harudi hata akilia. Mkalishe kivulini, mpigie mzazi, asiondoke peke yake. Akitapika, akisinzia, akichanganya maneno au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali papo hapo.

*Shikamoo mwalimu. Nauli natoa mfukoni na sina kipato, nitaendelea vipi?*

Marahaba mdogo wangu. Chagua uwanja unaofika kwa miguu, na ahidi siku mbili tu kwa wiki. Mimi asubuhi nilikuwa nabeba mizigo sokoni, saa kumi jioni niko uwanjani. Ukiahidi siku tano, utakosa tatu, na watoto watakuwa wamekuja.

*Kwenye kuhesabu miguso kwa vijiwe, tumchague mtoto yupi?*

Yule uliyesita kukumbuka jina lake ulipokuwa unaandika mahudhurio. Yule wa fulana ya njano nilimchagua kwa sababu hiyo.